Kiwanja Kisicho na Refa

Katika vijiji vingi vya msitu wa Kongo mtoto hupata mpira kwa njia mbili. Ya kwanza inajulikana Afrika nzima: mifuko ya plastiki na matambara, kamba juu yake, basi. Ya pili inahitaji msitu. Watoto huchanja mtambaazi wenye utomvu, au mhevea ulioachwa katika shamba la zamani, wanauacha utomvu ugande, kisha wanauviringisha, utepe juu ya utepe, mpaka wapate mpira unaodunda kupita kiasi. Mpira wa namna hiyo haupigiki pasi fupi. Ukidunda kwenye jiwe unaruka juu ya paa, na nusu ya mechi inakwenda katika kuutafuta.

Utomvu huo una historia. Kati ya 1885 na 1908, Kongo ilipokuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili wa Ubelgiji, wanaume wa bonde la Aruwimi na wa sehemu nyingine nyingi walilazimishwa kuingia porini kuukusanya kwa vipimo vilivyopangwa na dola, na mara nyingi wake zao walishikwa mateka mpaka vikapu vijae. Walikuwa wakiupaka mwilini ukauke, kisha wanaubandua pamoja na malaika ya ngozi. Leo vitukuu wao wanaupiga teke na kucheka. Hawamdharau mtu yeyote kwa kufanya hivyo. Wamekitwaa kitu cha wakubwa, wakakitoa chini ya amri ya wakubwa, wakakiwekea sheria zao. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mchezo, na ndiyo inayosahaulika upesi kuliko zote.

Ninaandika juu ya Bafwasende kwa sababu ni mahali ambapo mabadiliko yote yamepita kwa barabara moja. Teritwari hii ni kubwa kuliko nchi ya Rwanda, na karibu yote ni msitu. Mji wake mkuu uko kwenye mto Lindi, kilomita 260 hivi mashariki mwa Kisangani, juu ya Barabara ya Taifa namba 4 inayoendelea hadi Nia-Nia, Mambasa na Beni. Wabali na Wakumu wako hapo, na wafanyabiashara kutoka Kivu, na wachimbaji kutoka kila upande; Kiswahili na Kilingala vinapishana katika sentensi moja. Kwa barabara hiyo zilipita chumvi, sabuni, bunduki, dhahabu, simu, na kila kimoja kikagusa saa za jioni za watoto.

Wazee wa Kisangani wakikaa mbele ya nyumba utawasikia wakisema kwamba watoto wa siku hizi hawajui kucheza. Kisha wanaanza kuhesabu: magari ya mabua ya rafia yenye magurudumu ya kandambili zilizochakaa, ringi ya baiskeli inayosukumwa kwa kijiti, manati, nyumba za majani, wanasesere wa gunzi la mahindi. Vimekwenda wapi? Badala yake kuna plastiki ya Uchina sokoni, inayovunjika siku ya pili.

Malalamiko hayo yanaeleweka, lakini yanalilia kitu kisicho na uzito. Mtoto anayetaka gari hulipata. Enzi za toleka, baiskeli zilizokuwa teksi za Kisangani, mmoja aliinama akawa baiskeli, mwingine akapanda akawa abiria, na wa tatu akawa polisi anayedai chake. Siku hizi baiskeli imekuwa pikipiki na mlio wa mdomoni umebadilika. Polisi yuko palepale. Uigaji haujafa na sidhani kama utakufa. Kilichopungua hakishikiki kwa mkono: kiwanja ambacho wakubwa hawaingii, kundi lenye watoto wa kila umri, na muda ambao hakuna aliyeupangia kazi. Mtoto mwenye hivyo vitatu atacheza kwa kokoto. Asiye navyo, umpe sanduku zima la midoli, ataketi nalo.

Kiwanja cha namna hiyo kiliwahi kuelezwa vizuri kando ya barabara hiihii. Ukitoka Bafwasende kuelekea mashariki, ukapita Nia-Nia, unafika Epulu, katika msitu wa Ituri. Mwanaanthropolojia Mwingereza Colin Turnbull aliishi huko na Wambuti katika miaka ya 1950, na kitabu chake The Forest People, kilichotoka 1961, kilisomwa duniani kote. Wambuti walipohamia kambi mpya, watoto walijipatia uwanja wao pembeni, kando kidogo ya vibanda, wanaouita bopi. Ulikuwa karibu kiasi cha kilio kusikika kambini, na mbali kiasi cha mzazi kutoweza kuamua kila ugomvi. Wakubwa hawakuingia humo ovyo. Ndani yake mwenye miaka minne alicheza na mwenye miaka tisa, na ubishi ulimalizwa na waliouanzisha.

Turnbull anasimulia uwindaji wao. Wavulana walitandaza nyavu ndogo, wasichana wakapiga ardhi kwa mafungu ya majani, wakimfukuza chura mmoja mzee aliyechoka kuelekea kwenye wavu. Chura akikosekana, walikwenda kumwamsha babu au bibi aliyekuwa anasinzia, wakamwomba awe paa. Babu anakimbia, anazingirwa, ananaswa, anapigwa mpaka anaomba radhi. Angalia mpangilio huo. Mtu mzima anaingia kwenye mchezo, lakini anaingia kama windo. Hakuletwa afundishe. Na bado, uwindaji halisi wa Wambuti ulikuwa hivyohivyo: wanaume kwenye nyavu, wanawake wakisukuma wanyama, na yeyote akiondoka mahali pake paa anapita.

Mchezo mwingine ulikuwa wa mti mchanga. Watoto wanapanda wote kwa pamoja mpaka kileleni, mti unapinda kwa uzito wao hadi karibu na ardhi, kisha wanaruka wote kwa mara moja. Atakayesita sekunde moja mti unamrusha juu, na wenzake wanamcheka. Hapo hakuna maelezo ya ushirikiano wala ubao wa kuyaandika. Mti wenyewe unaeleza.

Wapo wataalamu waliosema Turnbull aliwapenda Wambuti kiasi cha kuwapaka asali, kwamba aliona amani hata palipokuwa na njaa na ubabe. Nakubali sehemu kubwa ya lawama hiyo. Lakini sehemu ya watoto imesimama vizuri, maana watafiti wengine walioishi na jamii za wawindaji wa Afrika ya Kati wameona jambo lilelile: makundi ya umri mchanganyiko, nje ya macho ya wazazi, ndani ya masikio yao.

Wakulima wa Bafwasende hawana kambi za kuhamahama, na sitawavika desturi ya jirani zao. Ila kiwanja walikuwa nacho: nyuma ya nyumba, kwenye shamba la mihogo lililopumzishwa, kwenye mchanga wa Lindi maji yakipungua wakati wa kiangazi. Hata kazi haikuwa mbali na hapo. Msichana alitumwa maji, njiani akacheza. Mvulana aliwekwa kulinda shamba dhidi ya nyani na ndege, akapiga manati mpaka jua linazama. Sisi tuliosoma shule za mtindo wa Kizungu tumezoea kupanga siku kwa visanduku, hiki cha kazi, hiki cha mchezo. Kijijini hapakuwa na ukuta huo.

Utafiti wa Afrika Mashariki ulionyesha jambo hilo mapema. Otto Raum, aliyekulia katika familia ya wamisionari chini ya Kilimanjaro, alichapisha kitabu Chaga Childhood mwaka 1940, na hoja yake moja bado ina nguvu: watoto hawawaigi wakubwa kama kioo, wanajijengea jamii ya wakubwa kutokana na vipande vile tu wanavyoruhusiwa kuviona, na wanapokosa kipande wanabuni. Katikati ya miaka ya 1950, timu ya watafiti wa Kimarekani iliwaangalia watoto wa jamii sita duniani, mojawapo ikiwa Nyansongo, katika nchi ya Wakisii, Kenya. Beatrice na John Whiting walipotoa matokeo mwaka 1975, watoto wa Nyansongo walionekana kuwa na kazi nyingi, hasa ya kubeba wadogo zao, na pia kuwa wepesi wa kuwasaidia na kuwaangalia wengine kuliko watoto wa mji wa Marekani uliolinganishwa nao. Kazi ya nyumbani haikuwa imewaharibu. Tofauti na kazi ya machimboni, nitakayoifikia, ilifanyika kati ya ndugu, na ilikuwa na mianya.

Mianya hiyo haikugawanywa sawa, tuseme ukweli. Msichana alianza kubebeshwa mdogo wake mgongoni akiwa na miaka sita au saba, na akacheza naye akiwa mgongoni. Kila anayesifu utoto wa zamani amwulize dada yake kwanza.

Na hata hivyo mchezo ulio mgumu kuliko yote katika Kongo ni wa wasichana. Nzango huchezwa Kisangani, Bafwasende, Kinshasa, na ng'ambo ya mto Kongo huko Brazzaville. Makundi mawili yanasimama kwa kutazamana. Mmoja anatoka kila upande. Wanapiga makofi, wanaimba, wanaruka, na mwisho wa mdundo kila mmoja anatupa mguu mbele. Kabla ya hapo wamekubaliana: miguu ikikutana kwa namna fulani, pointi ni ya huyu, ikikutana kwa namna nyingine, ni ya yule. Mshindi anaendelea na mpinzani anayefuata. Ukiangalia kwa mara ya kwanza unaona ngoma. Ukiangalia zaidi unaona mtu anayesoma bega la mwenzake, anakisia mguu gani unakuja, anaficha wake, anahesabu, na hakosei mdundo hata kidogo.

Kisha ugomvi unaanza. «Yaya, mguu yako ilichelewa!» Yaya, yaani dada mkubwa, anakataa. Wanarudia. Wanamwita shahidi, naye ni wa upande mmoja, kwa hiyo anakataliwa, anatafutwa mwingine. Aliyeshindwa anatishia kuondoka, na akiondoka kweli mchezo unakufa, kwa kuwa upande wake umepungua. Hivyo yule aliyeshinda analazimika kumbembeleza bila kuitoa pointi. Nani alimfundisha msichana wa miaka kumi diplomasia hiyo? Hakuna mwalimu aliyekuwepo, na huo ndio uzuri wake.

Mwaka 1932 Jean Piaget wa Uswisi alichapisha kitabu juu ya maadili ya mtoto, Le jugement moral chez l'enfant, akianzia kwenye michezo ya gololi ya wavulana wa Geneva na Neuchâtel. Alionyesha jinsi mtoto anavyotoka katika kuiona sheria kuwa kitu kitakatifu kilichoshushwa na wakubwa, hadi kuiona kuwa mapatano ya wachezaji, yanayoweza kubadilishwa wote wakikubali. Ni ugunduzi mkubwa. Lakini alipowageukia wasichana aliangalia mchezo mdogo wa kujificha, akahitimisha kwamba akili yao ya kisheria iko nyuma ya ile ya wavulana. Laiti angeketi jioni moja kwenye ua wa shule ya Kisangani, kitabu chake kingekuwa na sura nyingine.

Nzango imepanda cheo. Upande wa Brazzaville ulitangulia kuitengenezea shirikisho, kanuni, jezi na refa, na katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville mwaka 2015 ilionyeshwa mbele ya bara zima. Nawapongeza waliofanya hivyo. Wanawake wazima wamerudishiwa mchezo waliolazimishwa kuuacha walipoota matiti. Ila refa akipuliza kipenga ugomvi unakwisha, na pamoja nao unakwisha ule mjadala nilioueleza. Mchezo wa shirikisho unafundisha kushinda na kushindwa. Wa uani unafundisha kutunga sheria. Ni vitu viwili, na cha pili hakina kombe.

Sasa tufike kwenye hasara.

Ya kwanza ilikuwa vita, na iligusa kiwanja chenyewe. Jeshi la waasi la AFDL lilipoingia Kisangani tarehe 15 Machi 1997, lilikuwa na wavulana waliobeba bunduki ndefu karibu sawa na urefu wao. Watu waliwaita kadogo, jina la kumwita mtoto nyumbani kwa upendo, likabadilika kuwa jina la askari. Baadaye majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini Kisangani kwa siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, mabomu yakiangukia nyumba, shule na makanisa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka hiyo, Kisangani ikiwemo. Vita viliacha mabaki ya risasi na mabomu ardhini, na kila aliyewahi kufanya kazi ya kuyategua anajua ni nani huyaokota kwanza. Ni mtoto, kwa sababu kuokota kitu kigeni cha chuma na kuuliza kinafanya nini ndiyo kazi yake.

Huku Bafwasende woga ulidumu kuliko Kisangani. Wapiganaji wa Mai-Mai Simba, wanaojinasibisha na uasi wa Simba wa 1964, walikaa miaka mingi katika misitu ya Opienge. Tarehe 24 Juni 2012 kundi la mwasi aliyeitwa Morgan lilivamia kituo cha Epulu, likaua watu na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa hapo, mahali palepale ambapo Turnbull aliandika juu ya kiwanja cha watoto. Mzazi aliyesikia habari hizo hakuhitaji mhadhara. Alimwambia mtoto asivuke mgomba wa mwisho. Msitu uliokuwa mlezi ukawa mahali pa kutekwa, na kizazi kizima kikakua na duara dogo la kuchezea kuliko lile la baba zake. Jirani zetu wa Ituri walipata hukumu: mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, ikiwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo. Walioandikishwa walikuwa wameshapoteza miaka yao ya kucheza.

Baada ya vita watoto walicheza vita, kwa bunduki za miti ya mihogo na vizuizi vya barabarani vya kamba. Baadhi ya walimu waliwachapa kwa hilo. Nadhani walikosea. Mtoto aliyesimamishwa kwenye kizuizi akiwa na mama yake, akamwona mama anatoa pesa huku mikono inatetemeka, anakijenga kizuizi chake ili safari hii awe yeye anayeamua nani apite. Asipokijenga mchana atakiota usiku.

Hasara ya pili inaitwa kariere, yaani machimbo. Ardhi ya Bafwasende ina dhahabu na almasi, na machimbo ya mikono yamesambaa msituni. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kazi kama hizo kwa watoto, nao wapo: wanabeba mchanga, wanachekecha mtoni, wanauza maji na maandazi. Zamani Wabali walikuwa na mambela, jando lao la msituni, ambalo wakoloni walilipiga vita kwa kulihusisha na anyoto, watu-chui. Silitetei kila lililofanyika humo. Lakini lilikuwa na siku. Mvulana aliingia mtoto akatoka kijana, na kijiji kizima kilijua. Siku hizi utoto unakwisha bila tangazo, siku ambayo mvulana wa miaka kumi na miwili anaona punje ya dhahabu kwenye sahani yake na kupata kwa mchana mmoja pesa ambazo baba yake hazipati kwa kuuza mkungu wa ndizi. Ukimwambia arudi kucheza atakuangalia kwa huruma.

Ya tatu ni shule, na hapa naandika kwa tahadhari, kwa kuwa sitaki mtu atumie maneno yangu kumwacha mtoto nyumbani. Mwaka 2019 serikali ya Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, na mamilioni ya watoto wakaingia madarasani, wakiwemo wengi waliokuwa wakizunguka machimboni. Ni jambo jema. Bei yake ni kwamba madarasa yalifurika, na kundi la umri mchanganyiko likapasuliwa: wa miaka saba huku, wa miaka kumi kule, kila mmoja na wenzake tu. Mkubwa hana mdogo wa kumfundisha nzango, mdogo hana mkubwa wa kumwiga. Tena katika shule nyingi mapumziko ya saa nne ndiyo wakati wa kutumwa: kufagia ua, kumletea mwalimu maji. Nusu saa pekee ya uhuru imegeuzwa akiba ya wafanyakazi.

Simu nimeiweka mwisho, ingawa najua wengi wangeanza nayo. Mijadala ya Marekani na Ulaya, hasa tangu Jonathan Haidt alipotoa kitabu chake The Anxious Generation mwaka 2024, inamchora mtoto aliye peke yake chumbani na skrini yake. Hapo Bafwasende, ambako umeme ni wa sola au jenereta, picha ni nyingine. Simu moja ya kaka mkubwa ina vichwa saba juu yake, wanatazama mieleka au video ya muziki, na ikizimika wanaamka na kuigiza walichokiona, wakibishana nani ni nani. Simu ya namna hiyo bado ni mchezo wa kundi. Kisangani mjini, kwenye familia zenye uwezo, tayari kila mtoto ana yake, na geti limefungwa kwa sababu ya wezi. Huko ndiko ningekuwa na wasiwasi. Mtoto wa mjini ana midoli, umeme na chumba, na hana mtu wa kugombana naye.

Serikali na mashirika wameliona tatizo, kwa namna yao. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi yetu, ikiitwa Zaire, iliuridhia mwaka 1990, unataja mchezo katika kifungu cha 31. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Mchezo, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2024. Na palipo na wakimbizi wa ndani, kama wale waliokimbilia Kisangani kutokana na mapigano ya Wambole na Walengola yaliyoanza 2023, hujengwa «espace ami des enfants», kituo rafiki kwa watoto: turubai, uzio, mipira, na vijana wenye fulana wanaoongoza michezo. Siwezi kudharau uzio unaomkinga mtoto na mtu mwenye panga. Kwa mtoto aliyetoroka usiku, kuona mpira ule kila asubuhi mahali palepale ni dawa. Tatizo linakuja pale ambapo kila dakika ndani ya uzio ina kiongozi na kipenga. Wanaoendesha vituo hivyo wanaweza kulirekebisha bila bajeti: waache saa moja ya siku bila ratiba, wachanganye umri, wakae kwenye benchi la pembeni na kusubiri kilio cha kweli.

Mengine yanategemea watu wa hapa. Chifu anayegawa ardhi kando ya barabara namba 4, ambako kila mwezi nyumba zinasogea na mashamba ya nyuma yanaliwa, aache kipande kimoja bila jina la mwenyewe, karibu na nyumba, kisichouzwa hata mnunuzi akileta dhahabu. Mkuu wa shule awaondolee watoto ufagio wakati wa mapumziko, na awatoe wa darasa la kwanza na wa darasa la sita kwa kengele moja. Baba anayemtuma msichana wake maji mara tatu amtume kaka yake mara moja kati ya hizo. Na wewe msomaji, ukipita uani jioni ukakuta wasichana wamesimama uso kwa uso wanabishana mguu wa nani ulitangulia, usisimame kuamua.